Mbwa wawili wanakuja kutoka Ukerewe, niwapokeeje hapa nyumbani Buhongwa?

binti_buhongwa

Habari za muda huu wadau, poleni na majukumu. Naomba ushauri wa watu waliofuga mbwa kweli sio wa kusikia tu. Mjomba wangu yuko Nansio, kisiwani Ukerewe, amepata uhamisho wa kikazi anahamia Dodoma na huko alikopata nyumba ya kupanga mwenye nyumba hataki mbwa, kwahiyo mbwa wake wawili kaniomba niwachukue mimi maana huku Buhongwa, Mwanza, nna uwanja na geti lipo. Jike anaitwa Shida, ana kama miaka minne, dume ni mtoto wake anaitwa Chui, yuko miezi tisa hivi. Ni mbwa wetu hawa hawa wa kienyeji ila wana miili, na mjomba anasema kwa ulinzi usiku hapiti mtu. Wanakuja na meli jumamosi ya wiki ijayo.

Sasa hapa home tayari kuna Popi, dume mzee, kazoea uwanja wote ni wake. Nna kuku wa kienyeji wanazurura mchana, mbuzi wawili, na watoto, mdogo ana miaka minne na huyo hajui kabisa kuogopa mnyama, Popi anakabwa shingo kila siku na anavumilia. Jirani yangu wa ukuta mmoja ni mzee wa Kiislamu, tunaheshimiana sana na bomba la maji tunatumia moja, sitaki mbwa wangu wawe kero kwake.

Naombeni mnielekeze, siku ya kwanza nafanyaje? Nafunga mnyororo au naachia? Na Popi wataelewana kweli? Kuna mtu kazini kaniambia wakifika tu niwawekee pilipili kwenye chakula wawe wakali, mwingine kasema nisiwape chakula siku mbili ili wamjue anayewalisha ni nani. Roho yangu inakataa jamani. Hawa wanatoka kwa mtu waliyemzoea tangu wamezaliwa, hawajui kwanini wamepandishwa meli, halafu tuwapokee na njaa?


nsumba_wa_kisesa

Dada hilo la pilipili na la njaa usithubutu, na huyo wa kazini mwambie na yeye asimfanyie mbwa wa mtu. Pilipili haimpi mbwa ukali, inamuunguza mdomo na tumbo, anaharisha, na mbwa mwenye maumivu anang'ata yeyote aliye karibu hata mwanao. Ukali wa mbwa wa lindo unatokana na yeye kujua kwamba hapa ni kwangu na hawa ni watu wangu, na hilo hawezi kulijua siku ya kwanza wala ya pili. Njaa ndo mbaya zaidi, umlaze njaa kwenye nyumba asiyoijua halafu aone bakuli la Popi, hapo umeshapanga vita mwenyewe.

Wafugaji wengi wana kipimo cha tatu tatu. Siku 3 za kwanza mbwa kachanganyikiwa, anaweza asile, asibweke, ajifiche nyuma ya banda, au awe mpole mpaka ukasema huyu hafai. Wiki 3 ndo anaanza kushika ratiba ya nyumba, nani anatoka saa ngapi, chakula kinatokea wapi, na hapo ndo tabia zake zenyewe zinaanza kuonekana, nzuri na mbaya. Miezi 3 ndo anakuwa amepaona ni kwao. Sio sheria, wapo wa haraka na wapo wa kuchelewa, ila inakusaidia usihukumu mapema. Watu wengi wanarudisha mbwa au wanamtupa ndani ya wiki ya kwanza kwa kitu ambacho kingeisha chenyewe.

Kuhusu kuachia, geti lifungwe muda wote na angalia chini ya geti na kwenye pembe za fensi kama kuna upenyo, mbwa akihama anajaribu kurudi alikotoka. Hawa kwao ni kisiwani, watafika mwaloni watakwama, na kabla ya kufika huko kuna barabara ya Shinyanga hapo kwenu na malori usiku hayana huruma. Kwahiyo wiki za mwanzo akitoka nje ya geti atoke na kamba, wewe umeshika upande wa pili, hata kama mjomba anasema huwa hafungwi. Na mkanda wa shingoni uandike namba yako ya simu kwa maka isiyofutika, zile namba za mjomba za zamani zitoe.


Jembe la Usagara

Mnamzungusha dada wa watu. Mbwa ni mbwa, funga mnyororo kwenye mti mchana, fungulia usiku, wiki moja ameshazoea. Sisi ndo tumekua hivyo na mbwa walikuwepo na walilinda.


nsumba_wa_kisesa

Mkuu Jembe nakuheshimu ila hapo hapana. Mbwa mgeni ukimfunga mnyororo katikati ya uwanja, kila kinachomtisha hawezi kukikimbia, anabaki na njia moja tu ya kujitetea ambayo ni meno. Mtoto akisogea, kuku akisogea, Popi akija kumnusa, yeye kafungwa. Hapo unatengeneza mbwa wa kung'ata watu wa nyumbani. Bora umtengee sehemu yenye uzio hata wa wavu wa kuku na mabanzi, ajisogeze mwenyewe akitaka na ajifiche akitaka. Kufungua usiku ndo usifanye kabisa siku za mwanzo, usiku wa kwanza hajui hata mlango wa banda uko wapi.

Na kitu kingine, kama kuna shughuli ya ngoma au muziki mkubwa karibu msiwalete siku hiyo. Huku Kisesa wakati wa Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma mwezi wa sita, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu wakianza kushindana pale Bujora, mbwa wasiozoea ngoma wanaruka hata ukuta.


bwanamifugo_mstaafu

Binti nakusalimu. Nimesoma swali lako nikafurahi maana watu wengi huuliza mbwa akishaumwa, wewe umeuliza kabla hajafika. Niseme ya upande wangu, mengine wenzangu wataongezea.

Anza na mjomba kule Nansio wiki hii hii. Aende ofisi ya mifugo ya wilaya, kusafirisha mnyama toka wilaya moja kwenda nyingine kuna kibali chake, na kadi ya chanjo ya kila mbwa aje nayo. Kama hawajachanjwa kichaa cha mbwa wachanjwe huko huko kabla ya safari, ukijua kwamba kinga haiji siku ya sindano, inahitaji wiki tatu mpaka nne kukamilika. Mbwa anachanjwa kuanzia miezi mitatu na anarudia kila mwaka. Popi naye usimsahau, hapo nyumbani kinga ya mmoja haimkingi mwenzie. Huu ugonjwa dalili zikishaanza, kwa mbwa au kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na watu wanaoupata duniani karibu wote wanaupata kwa mbwa. Lakini unazuilika kabisa. Eneo likichanja mbwa wake asilimia 70 ugonjwa unakosa njia ya kusambaa, ndiyo maana tunapita mitaani na kipaza sauti kila kampeni inapokuja, hasa karibu na tarehe 28 Septemba ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Ukisikia lile gari lipite kwenu toka na mbwa wote, na jirani mwambie.

Safari ya meli Nansio hadi Mwanza ni kama saa tatu majini, ukiongeza kusubiri gatini na kupakia ni nusu siku nzima. Wasile kitu kizito asubuhi hiyo, wapewe kidogo jana yake jioni na maji ya kutosha, wakitapika njiani iwe maji tu. Kila mmoja kwenye tenga lake au boksi la mbao lenye matundu mengi, kivulini, sio juu ya bati la meli saa sita mchana. Hapa nasisitiza, WASIFUNGWE MDOMO KWA KAMBA. Mbwa hana jasho la mwili kama letu, anajipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje, ukimfunga mdomo juani anaweza kufa kabla meli haijafika. Mabaharia huogopa mbwa kwahiyo watataka afungwe mdomo, tenga imara ndiyo jibu lako. Na mjomba awawekee ndani gunia au khanga kuukuu waliyokuwa wanalalia, isifuliwe. Ile harufu ndiyo kitu pekee cha nyumbani watakachokuwa nacho usiku wa kwanza, na pua ya mbwa ndiyo inayomwambia yuko salama au hayuko salama kuliko macho yake.

Wakifika usiwaogeshe siku hiyo. Watu wengi hukimbilia kuogesha kwa sababu ya kupe, lakini mbwa ametoka safarini ana hofu, unamkamata kwa nguvu unamwagia maji ya baridi, hiyo ndiyo kumbukumbu yake ya kwanza juu yako. Subiri atulie siku tatu nne. Kupe unawatoa kwa dawa ya mbwa, ukiulizia duka la mifugo watajie uzito wa mbwa. Usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe ukakadiria kwa macho, hiyo imeua mbwa wengi. Kupe wenyewe wanaleta homa, ukiona fizi zimepauka au zina unjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, mbwa kalala hataki kuamka, usisubiri kesho.

Minyoo nayo mwanzo kabisa, kwa kipimo cha uzito, wote watatu siku moja. Nyumba yenye mtoto wa miaka minne anayekumbatia mbwa hiyo sio ya kuahirisha, mayai ya minyoo yanakaa kwenye udongo na mtoto anatia mkono mdomoni. Kinyesi kiokotwe kila siku kifukiwe mbali. Na kwa kuwa una mbuzi, mkichinja, maini au mapafu yenye malengelenge ya maji yasipewe mbwa hata siku moja. Yana minyoo inayokua tumboni mwa mbwa halafu inarudi kwa binadamu kama uvimbe kwenye ini. Chimba yafukie au choma.

Chui kwa umri wake ulizia na chanjo ya mchanganyiko yenye parvo na distempa. Parvo inatapisha na kuharisha damu, virusi vyake vinakaa kwenye ardhi ya uwanja miezi mingi hata mwaka, sabuni ya kawaida haiviui. Kama hapo kwenu aliwahi kufa mtoto wa mbwa kwa kuharisha damu niambie, maana sakafu ya banda itabidi isafishwe kwanza kisha imwagiwe jiki, sehemu moja ya jiki kwa sehemu thelathini za maji, na iachwe dakika kumi kabla ya kusuuzwa.

La mwisho la kwangu ni kuhasi. Shida ni mama, Chui ni mwanawe, lakini Shida akipata joto, ambalo linakuja kama mara mbili kwa mwaka na kukaa wiki tatu hivi, Chui hatahesabu huyo ni mama. Popi naye atataka. Hapo ndipo madume yanapochinjana. Ongea na daktari wa mifugo hapo mjini uwahasi wakishatulia, sio wiki ya kwanza.


MamaDagaa_Mwaloni

Shikamoo mzee wangu, umemaliza kila kitu. Mimi naongezea chakula tu maana ndo ninachokijua, niko hapa Kirumba na wateja wangu nusu ni wa kuku na mbwa.

Mdogo wangu muulize mjomba walikuwa wanakula nini na saa ngapi, halafu siku za mwanzo wape hicho hicho. Ukibadilisha ghafla wataharisha na utafikiri ni ugonjwa. Badilisha taratibu kwa wiki nzima, leo kingi cha zamani na kidogo cha kwako, keshokutwa nusu kwa nusu, hivyo hivyo mpaka wahamie. Ukerewe wanakula sana muhogo na dagaa kwahiyo usishangae wakiukataa ugali wako wa dona mwanzoni.

Dagaa wa kulisha mbwa wale walioanikwa mchangani ni bei nafuu ila waoshe mara mbili tatu mchanga utoke, na chemsha. Wa chumvi usiwape. Mapanki, yale mabaki ya sangara yakishatolewa minofu, ni mazuri, nyama inabaki kichwani na mgongoni ila chemsha sana mpaka yalegee na ule mfupa mkubwa wa mgongo na miba mikali utoe, kichwa cha sangara kina mifupa migumu inakwama kooni. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo inapasuka vipande vyenye ncha, tupa. Vitunguu kwenye mabaki ya mchuzi usiwape, vinaharibu damu ya mbwa, na chokoleti za watoto ziwe mbali.

Na kitu nakipigia kelele hapa sokoni kila siku, mahindi yaliyovunda msisage mkasema ya mbwa. Mtu anaona mahindi yana ukungu anasema haya tutawapa mbwa. Ile sumu kuvu inaua ini la mbwa, wanakufa wote kwa siku chache na wenyewe wanasema wamelogwa au jirani katega sumu. Kama wewe huwezi kula ugali wake na mbwa asile.

Bakuli tatu, sehemu tatu, mbali mbali wasionane wakati wa kula. Usiweke sinia moja ukasema ni ndugu.


Abu_wa_Pasiansi

Assalam aleykum na habari kwa wote. Dada nimeguswa ulivyomfikiria jirani yako kabla hata mbwa hawajafika. Mimi ni Muislamu na nina mbwa wa lindo kwenye stoo yangu, nikuambie kinachomsumbua mzee wako kitakuwa ni mate. Kwetu chombo alicholamba mbwa kinaoshwa mara saba, mmojawapo kwa udongo, na nguo iliyoguswa na mate inabidi atoharishe kabla ya kuswali. Sio kwamba anamchukia mbwa, mbwa wa lindo, wa mifugo na wa mawindo dini imemruhusu, na kumpa mnyama maji ni thawabu. Kwahiyo fanya hivi, banda likae upande wa mbali na ukuta wake, mbwa wasifike kabisa pale bombani, wachotee maji wapewe kwenye beseni lao ambalo halitumiki na kitu kingine. Ndoo zake zikiwa kwenye foleni usimruhusu mbwa kupita hapo hata na kamba.

Halafu nenda kamwambie kabla ya jumamosi. Piga hodi mweleze mzee wangu nitapokea mbwa wawili, nimepanga hivi na hivi, ukiona kitu kinakukera nigongee hata usiku. Muonyeshe na banda. Alfajiri anapotoka kwenda msikitini mbwa wako wanatakiwa wamjue hatua zake, siku za mwanzo simama nao ndani ya geti anapopita wamzoee kwa mbali, maana mbwa mgeni atabwekea kanzu na tochi saa kumi na moja na yule ni mzee anaweza kuanguka.


binti_buhongwa

Wabeja sana wote, mzee bwanamifugo shikamoo na ahsante sana, Mungu akuweke. Mjomba nimempigia, Shida anayo kadi ya mwaka huu, Chui hajachanjwa hata moja, kesho anampeleka. Hapa kwetu hajawahi kufa mtoto wa mbwa, Popi nilimpokea mkubwa. Kwa jirani nimeenda jioni hii, kafurahi mpaka kaniambia bati zake mbili chakavu nichukue niezekee banda. Abu umenisaidia mno.

Lililobaki ni Popi na watoto. Naogopa ile dakika ya kwanza wanapoonana.


kaka_wa_mawe

Hapo kwa Popi nisikilize mimi, nimekaa na mbwa wanaoletwa na watu huku Nyegezi miaka mingi na hilo ndo jambo linaloharibikaga zaidi, na linaharibika kwasababu watu wanafungua tenga katikati ya uwanja wa mbwa mwenyeji wanasema acha wajuane wenyewe.

Anza kabla hawajaonana. Jumamosi wakifika waingize moja kwa moja kwenye ile sehemu yao iliyofungwa, Popi awe amefungiwa upande wa nyuma au katembezwa mbali. Waache walale. Jumapili chukua lile gunia lao mpelekee Popi alinuse, na kitambaa cha Popi wapelekee wao. Uone wanavyofanya, akinusa akaondoka vizuri, akinguruma na kukakamaa bado. Rudia. Yaani wanajuana kwa pua kwanza, macho baadae.

Ukiona wametulia ndo mnaonana, na msionane nyumbani. Tafuta mahali pasipo pa mtu, barabara ya ndani isiyo na watu au uwanja wa shule siku ya mapumziko, asubuhi mapema kabla mawe na lami havijachemka maana mchana huku kwetu vinaunguza nyayo. Watu watatu kamba tatu. Popi mbele, wageni nyuma kwa mbali, wote mnatembea upande mmoja, msisimame uso kwa uso. Mkitembea hivyo wanapumzisha akili, wananusa walikopita wenzao, mnabadilishana nani yuko mbele, umbali unapungua wenyewe. Kamba iwe imelegea, ukiivuta ikakaza mbwa anajua kuna hatari na wewe ndo umemwambia. Anza na Shida, jike na dume mzee huwa wanaelewana upesi, Chui mlete baadae, ni dume kijana na Popi ni mzee, hapo ndo pa kwenda pole pole.

Jifunze kuwasoma. Watu wanadhani mkia ukitikisika ni furaha. Mkia ulionyooka juu umekakamaa unatikisika kidogo kidogo na mwili mgumu, huyo anajiandaa. Mkia chini ya tumbo, anajilamba pua, anapiga miayo hana usingizi, macho yanaonyesha weupe pembeni, huyo anaogopa anaomba nafasi. Mwili uliolegea unaojinyonganyonga, anainamisha kifua chini matako juu, huyo anataka mchezo. Na mbwa AKINGURUMA USIMPIGE. Anasema jamani sipendi, sogea. Ukimpiga kila akinguruma anaacha kunguruma lakini hajaacha kuchukia, siku moja anang'ata bila kusema kitu na mtasema kabadilika. Akinguruma ongeza umbali basi. Ikitokea wameshikana usiingize mkono katikati, mwagia maji ndoo nzima au ingiza ubao katikati yao.

Mkirudi nyumbani Popi aingie kwanza, au wageni wawe ndani tayari Popi atoke nyuma, na vitu vyote vya kugombania viondolewe, bakuli, mfupa, hata lile gunia analopenda Popi kibarazani. Usimnyang'anye Popi nafasi yake. Anakula wa kwanza, sehemu yake ya kulala ibaki ya kwake, na wewe kila siku kaa nae peke yake kidogo. Mbwa mzee anayeona amepitwa ananyong'onyea kabisa, nimeona wanaacha kula.

Usiku na ukiwa kazini watenganishe mpaka uone wiki kadhaa zimepita wanalala karibu bila shida.


MamaDagaa_Mwaloni

Na kuku mdogo wangu! Muulize mjomba kama wanaua kuku. Hata kama hawaui kuku wa Ukerewe hawajui kuku wako. Siku za mwanzo kuku wabaki bandani au upande wao, mbwa umpitishe na kamba kwa mbali, akimwangalia kuku akageuka kukuangalia wewe mpe dagaa. Akikaza macho na kunyata msogeze mbali zaidi. Vifaranga viweke mbali kabisa.


bwanamifugo_mstaafu

Marahaba binti. Kuhusu watoto, huyo wa miaka minne asibaki na mbwa wageni bila mtu mzima hata dakika unayoingia ndani kufuata chumvi. Popi amezoea kukabwa shingo, Shida hajui hiyo ni mapenzi, kwa mbwa kukabwa shingo na kiumbe asiyemjua ni kushambuliwa. Mfundishe mtoto mambo matatu tu, hatumgusi mbwa anayekula, hatumgusi aliyelala, na hatumfuati, tunakaa chini yeye anakuja akitaka. Akija amguse kifuani au begani, sio kumshukia juu ya kichwa.

Na ikitokea yeyote ameng'atwa au amekwaruzwa, hata kidogo, hata na mbwa aliyechanjwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, saa itazamwe, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Msipake mafuta ya taa wala majivu. Mbwa asiuawe, afungwe aangaliwe siku 10, akiwa mzima siku ya kumi maana yake hakuwa na kichaa alipong'ata. Akifa au akibadilika, afisa mifugo aitwe.


Jembe la Usagara

Wakuu nimesoma yote mpaka mwisho. La kunguruma sikuwahi kulisikia maisha yangu yote na nna mbwa hapa. Bati la banda dada weka majani juu yake au funika na magunia, bati tupu mchana ni moto sana, na sakafu iinue juu ya ardhi kidogo, mvua za huku zikishuka toka milimani maji yanapita uwanjani. Nna mabanzi hapa Usagara nimebakiza baada ya kujenga, tuma mtu na kirikuu achukue bure.


binti_buhongwa

Mrejesho wadau. Wamefika salama, mjomba kalia gatini. Shida kanusa uwanja wote na kamba, kanywa maji, jana jioni kala muhogo na dagaa wote. Chui ndo yuko kwenye kona ya banda tangu jumamosi, kalalia khanga ya shangazi, nikisogea anageuza uso ukutani. Hajala kabisa. Mzee wangu niogope?


bwanamifugo_mstaafu

Binti, maji anakunywa? Anatapika au anaharisha? Inua mdomo wake wa juu pole pole uangalie fizi, na kama hataki muache, ngoja apige miayo utaziona.


binti_buhongwa

Maji anakunywa usiku, asubuhi nakuta beseni limepungua. Hatapiki, kinyesi kidogo cha kawaida. Fizi nimeziona ni za pinki.


bwanamifugo_mstaafu

Basi ni majonzi na hofu, sio ugonjwa. Mbwa mkubwa anaweza kukaa siku mbili bila kula akihama na asidhurike, mradi anakunywa. Usimsogelee uso kwa uso. Kaa chini ukiwa umempa mgongo au ubavu, mita mbili tatu, soma simu yako au chambua mboga, ongea na watu wa nyumbani kwa sauti ya kawaida ajue sauti zenu. Dagaa wachache waliochemshwa wadondoshe karibu yake ukiondoka, usisubiri kuona kama atakula. Shida mpitishe karibu yake mara nyingi, akimuona mama yake anakula na kutembea hapo ndipo atakapopata ujasiri. Kesho jioni kama bado hajatia kitu mdomoni, au akitapika hata mara moja kabla ya hapo, mlete kwa daktari.


binti_buhongwa

Sawa mzee. Nimeshahamishia mkeka wangu pale nje na mchicha wa jioni nachambulia hapo hapo. Popi bado yuko nyuma, kesho asubuhi tunaanza na gunia kama kaka wa mawe alivyosema.